Begi la Mgongoni la Vitabu na Laptopu: Namna ya Kulikagua Kabla Hujalipa

Kila vyuo vikifunguliwa maswali ni yale yale. Begi gani halichaniki? Lenye tundu la USB lina faida? Kwa nini zipu inakufa kabla muhula haujaisha? Mtumba au dukani? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayebeba laptopu, vitabu viwili vitatu na kauntabuku karibu kila siku, anayepanda daladala, mwendokasi au bodaboda, na anayenunua mahali ambapo ukishatoka na mzigo hakuna wa kukurudishia hela. Mifano mingi ni ya Kariakoo na ya soko la mitumba la Karume, Ilala. Ukiwa Gikomba, Kongowea au Memorial ya Moshi, hatua hazibadiliki.

Jambo moja lishike tangu sasa: begi haliharibiki katikati ya kitambaa. Linaharibika pale mkanda uliposhonwa juu, pale mkanda ulipoingia chini, kwenye zipu ya mfuko mkubwa, kwenye kishikio cha mkononi na kwenye kitako. Muuzaji atakuonyesha kitambaa, atakikunjakunja, hata atakimwagia maji. Mwache amalize, kisha geuza begi ndani nje uangalie yale ambayo hakukuonyesha.

Utakavyohitaji

- Futi ya fundi cherehani, au rula ya sentimita 30.
- Kadibodi ya boksi na mkasi.
- Mizani. Ya duka la nafaka la jirani inatosha.
- Tochi ya simu, kwa ajili ya kuangalia ndani.
- Uzito wa majaribio wa kilo 6 hadi 9. Chupa nne za maji za lita moja na nusu ni kilo 6. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ni kilo 2.5, kwa hiyo rimu tatu ni kilo 7.5. Maduka ya vifaa vya ofisi hayakosekani karibu na yanakouzwa mabegi. Ukiomba kwa adabu utaazimwa dakika tano.
- Muda. Usiende saa kumi na moja jioni watu wanapofunga. Nenda asubuhi, muuzaji ana subira na mwanga unatosha.

Laptopu yenyewe iache nyumbani. Kuizungusha Kariakoo ili kujaribu mabegi ni kujitafutia balaa. Kazi hiyo itafanywa na kadibodi.

Hatua ya 1: Pima laptopu, kata kadibodi

Inchi zinazotajwa kwenye laptopu ni za kioo, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Hazikwambii upana wa mashine. Laptopu mbili za inchi 15.6 zinaweza kupishana sentimita mbili, hasa moja ikiwa ya zamani yenye fremu nene kuzunguka kioo. Kwa makadirio, ya inchi 14 huwa na upana wa sentimita 32 hivi kwa 22, na ya inchi 15.6 sentimita 36 kwa 25. Usitegemee makadirio. Pima yako ikiwa imefungwa: upana, urefu na unene.

Kata kadibodi za vipimo hivyo hivyo, uzibandike mbili au tatu mpaka unene ukaribiane na wa laptopu. Hiyo ndiyo utakayoingiza kwenye kila begi. Maandishi ya „15.6” kwenye lebo ya begi hayakuhusu tena.

Hatua ya 2: Pima mzigo wako wa kweli

Panga mezani kila unachobeba siku yenye vipindi vingi, upime. Mfano wa kawaida wa mwanafunzi wa chuo: laptopu kilo 2, chaja gramu 400, vitabu viwili vinene kilo 2.4, kauntabuku gramu 700, maji ya mililita 750, chakula na mwavuli nusu kilo, na begi lenyewe gramu 900. Jumla inakaribia kilo 7.7.

Mapendekezo ya kawaida ni kwamba mzigo wa kila siku mgongoni ubaki kwenye asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya kilo 6 hadi 9, kwa hiyo mfano wetu unapita. Mtoto wa kilo 35 nafasi yake ni kilo 3.5 hadi 5 tu. Mzazi, kama mzigo wa mwanao umezidi hapo, begi imara zaidi halitamsaidia. Punguza vitabu kwa kufuata ratiba ya siku.

Namba hii ya kilo iandike kwenye simu. Uzito wa majaribio utakaotia kwenye begi dukani uwe mkubwa kuliko huo kwa kilo moja hivi.

Hatua ya 3: Chagua ukubwa

Lita za begi unazipata mwenyewe: zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Begi la 45 kwa 30 kwa 16 lina lita 21 na kitu. La 48 kwa 32 kwa 18 linafika 27. Kwa laptopu, vitabu viwili na chakula, lita 22 hadi 28 zinatosha. Ukivuka 30 utalijaza tu, kwa sababu nafasi tupu haikosi kitu cha kuwekwa, na ndani ya daladala utakuwa unampiga kila mtu usoni kila ukigeuka.

Mgongo nao una kipimo chake. Begi likiwa limevaliwa na mikanda imekazwa, kitako chake kisishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya kiuno. Likishuka zaidi, mzigo unakuvuta nyuma na wewe unainama mbele kuufidia.

Hatua ya 4: Toa makaratasi, geuza ndani nje

Mabegi yananing'inizwa yakiwa yamejazwa magazeti au sponji ili yasimame wima. Begi la namna hiyo linaonekana gumu hata kama kitambaa chake ni laini kama shati. Toa kila kilichomo, fungua zipu zote, geuza.

Sasa washa tochi uangalie mishono ya ndani:

1. Ukingo wa kitambaa. Kati ya mshono na mwisho wa kitambaa kuwe na karibu sentimita moja. Ukikuta nusu sentimita au pungufu, huku nyuzi zinachomoka, mshono huo utatoka na kitambaa chake wenyewe. Uzi hautakatika, kitambaa ndicho kitakachofumuka.
2. Riboni. Begi zuri lina utepe ulioshonwa kuzunguka ukingo mzima wa ndani. Bila riboni kitambaa cha polista kinafumuka kidogo kidogo kila unapoingiza kitabu. Fuata riboni kwa kidole mpaka kwenye pembe. Fundi wa haraka huruka pembe.
3. Idadi ya mishono. Weka rula: sentimita moja iwe na mishono mitatu hadi minne. Miwili ni michache, inaacha nafasi. Sita ni mingi mno, maana sindano imetoboa kitambaa mfululizo na itachanika kwenye mstari wa matundu.
4. Jaribio la kuvuta. Shika vipande viwili vilivyounganishwa, kimoja kila mkono, uvute kwa nguvu ya wastani. Mshono ukifunguka ukaona uzi umejipanga kama ngazi na mwanga unapita, rudisha begi.

Bitana iliyoshonwa ikafunika kila kitu isikuzuie. Nyingine zina zipu ndogo ya kuingilia ndani. Zisipokuwa nayo, papasa kwa vidole juu ya bitana utafute uvimbe wa mshono uliokunjwa. Bitana nzuri ya maua maua mara nyingi imewekwa ili usione kilicho nyuma yake.

Hatua ya 5: Shina la mikanda, juu na chini

Shina ni pale mkanda ulipounganishwa na begi. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Juu, mkanda uwe umeingia ndani ya mshono unaounganisha paneli ya mgongo na kifuniko cha juu, kisha ukashonwa tena kwa nje: mstatili wenye alama ya X katikati, au zigizaga nene iliyorudiwa. Ukiona mstari mmoja tu wa cherehani, begi hilo halijatengenezewa vitabu. Mabegi bora zaidi yana kipande cha ziada cha mkanda wa nailoni kilicholazwa juu ya mashina yote mawili, kutoka bega hadi bega, ili uzito usiangukie kwenye kitambaa kitupu.

Chini, mkanda mwembamba unatakiwa utoke kwenye pembetatu ya kitambaa iliyozama ndani ya mshono wa ubavuni. Pembetatu hiyo inagawa mvuto. Mkanda ukiwa umechomekwa moja kwa moja kwenye mshono bila pembetatu, utang'oka. Upana wake uwe milimita 25. Wa 20 ni rahisi zaidi kuteleza kwenye kibano, ile plastiki ya kukazia mkanda, na kukulazimu kukaza mara kwa mara.

Kishikio cha mkononi nacho ni shina. Ndicho utakachoshika ukishuka daladala kwa haraka, begi likiwa limejaa, na mvuto wake ni wa ghafla. Kikague kama mikanda.

Sponji ya mkanda wa bega: upana sentimita 5 hadi 7, unene kama sentimita moja na nusu. Ibonye kwa kidole gumba na kidole cha shahada mpaka vidole vikaribie kukutana, uachie. Ikirudi papo hapo ni nzuri. Ikibaki na shimo, ndani ya miezi michache itakuwa bapa na mkanda utaanza kukata bega. Mkanda mnene sana na laini kama mto unapendeza dukani lakini ndio unaolala upesi.

Hatua ya 6: Zipu

Zipu zina namba: 3, 5, 8, 10. Namba inakaribiana na upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Geuza kichwa cha zipu uangalie mgongoni mwake, mara nyingi imechongwa hapo. Mfuko mkubwa uwe na 8 au 10. Mifuko midogo 5 inatosha. Begi la vitabu lenye namba 5 kwenye mfuko mkubwa linaweza kudumu kama hulijazi, ila wanafunzi hujaza.

Jina YKK, la kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, ni dalili nzuri pale ambapo ni la kweli. Sokoni linachongwa na yeyote. Kwa hiyo soma jina, halafu ijaribu zipu kama vile hukulisoma:

1. Funga na fungua mara kumi kwa mkono mmoja, begi likiwa tupu.
2. Tia uzito wa majaribio, rudia. Zipu ikikwama kwenye kona, kona hiyo ni kali mno. Kona za zipu ziwe za mviringo.
3. Ikiwa imefungwa na begi limejaa, bonyeza katikati ya meno kwa kidole gumba. Yasifunguke.
4. Tikisa kichwa cha zipu kushoto na kulia. Kikichezacheza sana kimeshalegea kabla hakijafanya kazi.
5. Angalia bitana ndani: iwe imekaa angalau nusu sentimita kutoka kwenye meno. Ikiwa karibu zaidi, kila siku utakuwa unaing'oa kwenye kichwa.

Zipu ya meno ya uzi wa nailoni uliojiviringisha ndiyo inayofaa kwa begi: inapinda vizuri kwenye kona, na meno yakipishana unaweza kuyarudisha kwa kuvuta kichwa mpaka mwanzo. Zipu ya chuma inapendeza, ila Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hewa ya chumvi huila. Vichwa viwili kwenye mfuko mkubwa ni bora kuliko kimoja, kwa sababu kimoja kikifa unaendelea na kingine mpaka umpate fundi.

Hatua ya 7: Mfuko wa laptopu

Uwe upande wa mgongoni kwako. Kitu kizito kikikaa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma, na laptopu iliyo upande wa nje ndiyo inayopokea viwiko vya abiria wenzako.

Ingiza kadibodi. Iingie bila kulazimishwa, na ibaki nafasi ya kidole kimoja kila upande. Sasa shika begi wima, ligonge taratibu mezani kwa kitako. Ukisikia kadibodi inagonga meza, mfuko huo umefika hadi chini na kila utakapotua begi sakafuni, pembe za laptopu ndizo zitakazotangulia. Mfuko sahihi unaning'inia sentimita 2 hadi 3 juu ya kitako. Wauzaji wengi hawajui tofauti hii, kwa hiyo usiulize, gonga.

Sponji iwe pande zote mbili, milimita 5 au zaidi. Mara nyingi upande wa mgongoni una sponji na upande wa vitabu una kitambaa kitupu. Begi la hivyo unaweza kulichukua kama mengine yote yako sawa, mradi laptopu uivalishe ganda lake la sponji.

Begi lote likiwa zuri ila mfuko unagusa chini, kuna dawa: fundi makochi atakukatia kipande cha sponji ngumu cha unene wa sentimita 2, upana na kina sawa na cha mfuko. Kitumbukize chini kabisa, kisha pima tena kama mdomo unafunga.

Hatua ya 8: Kitambaa na kitako

Herufi D baada ya namba, kama 600D, ni denia: uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi uliofumia kitambaa. Namba kubwa ni uzi mnene. Polista ya 600D ndiyo iliyojaa sokoni na inatosha kwa mwili wa begi. Nailoni ya namba ndogo kuliko hiyo inaweza kuizidi kwa kuvumilia msuguano, na polista inaizidi nailoni kwa kuvumilia jua, kwa hiyo usinunue namba peke yake. Tena lebo zinaandika 1680D juu ya kitambaa ambacho jicho lolote linaona ni chepesi.

Angalia mgongo wa kitambaa. Utando unaong'aa kidogo na unaoshika vizuri ndio unaozuia maji. Kwangua kwa ukucha. Ukitoka unga au magamba, acha. Inua kitambaa dhidi ya mwanga: matundu ya kufumwa yasionekane.

Kitako kiwe na kitambaa maradufu au kinene zaidi, na kitambaa hicho kipandishwe juu ubavuni sentimita 3 hivi pande zote. Mshono usikae kwenye ukingo wa chini kabisa, mahali panapoburuzika sakafuni, kwa sababu uzi unakatika kwa kusuguliwa hata kama haujabeba kitu.

Ngozi ya bandia iepuke, inapasuka na kumenyuka kwenye mikunjo. Turubai la pamba ni imara ila ni zito, linakunywa maji na pwani linaota ukungu. Rangi chagua unayoipenda. Nyeupe na kijivu cheupe utajuta wakati wa masika.

Na tundu la USB? Ni waya mfupi tu unaotoka kwenye pawabenki yako ndani hadi nje ya begi. Begi halina umeme wowote. Usilipe zaidi kwa ajili yake, na kumbuka kuwa ni tundu jingine la mvua.

Hatua ya 9: Jaza, vaa, tembea

Tia uzito wa majaribio pamoja na kadibodi. Inua begi kwa mkanda mmoja, litikise juu chini mara tano. Angalia shina la juu: matundu ya sindano yasipanuke. Fanya hivyo kwa mkanda wa pili na kwa kishikio. Muuzaji akikuzuia kufanya jaribio hili, ameshajibu swali lako.

Vaa mabegani yote mawili, kaza, tembea hadi mwisho wa duka na kurudi. Mikanda isiteleze kwenye vibano. Kama unapanda bodaboda, mkanda wa kifuani ni wa lazima, na ncha ndefu za mikanda ya chini zifungwe au zikatwe ili zisining'inie karibu na gurudumu. Ukizikata, choma ncha kwa kiberiti zisifumuke.

Hatua ya 10: Mpitie fundi kabla ya siku ya kwanza

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa hela ndogo. Begi jipya, hata zuri, lipeleke kwa fundi viatu mwenye cherehani ya viatu. Mwombe arudie mashina manne ya mikanda na kishikio kwa uzi wa nailoni, mstatili na X. Uzi wa pamba ukatae, unaoza kwa jasho na mvua. Kama shina la juu limeshika kitambaa kitupu, aweke kwa ndani kipande cha mkanda wa nailoni au turubai la lori, sentimita 10 kwa 10, kisha ashone juu yake. Mwambie asirudie mshono mara nne mahali pamoja. Mara mbili zinatosha, zaidi ya hapo anatoboa.

Ukinunua mtumba

Mabegi ya mtumba mara nyingi yana mashina na zipu zinazozidi mengi ya dukani. Utakuta ya kampuni kama JanSport, Eastpak, Dakine na Deuter yaliyotumika kidogo. Hatua zote za juu zinabaki, ila ongeza tatu.

Kwanza, utando wa ndani. Begi lililokaa miaka likapita kwenye joto na unyevu, utando wake unavunjika: unanata mkononi au unatoka magamba meupe. Halitengenezeki. Kitambaa bado kinabeba, ila maji yanapita na magamba yataingia kwenye kibodi.

Pili, sponji ya mikanda. Ibonye karibu na sikio. Ikisikika inachakarika kama karatasi, imeshakuwa unga ndani.

Tatu, bakli za plastiki. Zipinde kidogo, zilizopauka kwa jua zinapasuka.

Harufu isikutishe. Loweka kwenye maji baridi na sabuni ya unga kidogo, sugua kwa brashi laini, suuza sana, anika kivulini kichwa chini, zipu wazi. Maji ya moto na jua kali huua utando.

Makosa yanayoua begi zuri

Kuvaa bega moja kila siku. Shina moja linabeba kilo zote, nalo ndilo litakalokatika. La pili utalikuta jipya.

Kufunga zipu kwa nguvu huku kitabu kimeizuia. Kandamiza begi kwa mkono mmoja kwanza, lete pande mbili za meno karibu, ndipo uvute.

Chaja kuwekwa upande wa kioo. Begi likibanwa kwenye msongamano, kichwa cha chaja kinasukuma kifuniko cha laptopu mahali pamoja na kioo kinapasuka bila laptopu kuanguka. Chaja iende mfuko wa mbele, na kati yake na laptopu viwepo vitabu.

Laptopu kuingizwa begini ikiwa imelala tu (sleep) bila kuzimwa. Ikiamka humo ndani inachemka na haina pa kupumulia.

Kuamini „haipitishi maji”. Kitambaa kinaweza kuzuia, matundu ya sindano na zipu haviwezi. Weka mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi muda wote, na masika ikianza mwezi wa tatu laptopu ikae humo.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Zipu inafunga halafu inafunguka nyuma.* Meno hayajafa, kichwa kimepanuka. Chukua koleo, bana kidogo kushoto kisha kulia, upande ambao meno hutoka yakiwa yameshikana. Bana kidogo, jaribu, bana tena. Ukizidisha kinapasuka au kinakwama. Ikirudia baada ya wiki, badilisha kichwa: fundi anafumua sentimita 2 za mwisho wa zipu, anatoa cha zamani, anaingiza kipya. Mpelekee cha zamani akilinganishe namba na aina ya meno. Cha namba 8 hakishiki kwenye 10.

*Zipu ni nzito kuvuta.* Ni vumbi na chumvi. Piga mswaki mkavu kwenye meno, kisha sugua mshumaa juu yake. Usitie mafuta ya kula wala ya cherehani, yanakusanya vumbi upya na kuchafua vitabu.

*Zipu imeng'ata kitambaa.* Usivute mbele. Rudisha kichwa kilikotoka huku unavuta kitambaa pembeni.

*Mkanda umeanza kuachia.* Acha kulitumia siku hiyo hiyo. Nyuzi mbili tatu zilizokatika ni kazi ndogo kwa fundi. Ukisubiri mpaka uchomoke, utakuja na kipande cha kitambaa na kiraka kitakuwa kikubwa.

*Mkanda unateleza na kulegea.* Upitishe mara ya pili kwenye kibano. Ikishindikana, vaa, kaza unavyotaka, weka alama ya kalamu mahali kibano kilipo, kisha kunja mkanda hapo na kuushona uwe mnene usipite. Kwa mtu mmoja anayelitumia begi peke yake hiyo inamaliza tatizo.

*Kitako kimetoboka.* Kiraka cha turubai la lori kwa nje, kizidi tundu kwa sentimita 4 kila upande, kishonwe mistari miwili. Gundi peke yake haidumu.

*Begi linavuta nyuma hata kwa mzigo mdogo.* Toa kila kitu, panga upya: laptopu mgongoni, vitabu vinene vifuate, vyepesi nje. Chupa ya maji ya lita moja isikae mfuko wa mbele. Kisha fupisha mikanda sentimita 3 na ujaribu tena.

*Limelowa hadi ndani.* Toa laptopu kwanza, hata kama haionekani kulowa, usiiwashe mpaka umeifuta na kuiacha wazi. Begi lining'inize kichwa chini kivulini, mifuko yote wazi, magazeti yaliyokunjwa ndani, uyabadilishe yakishalowa. Sponji ya mikanda ndiyo hukauka mwisho. Ibonye, na ikitoa hata tone moja, bado.